Kambale wa Mtani

Mama watoto alikuwa ameenda Tabora mjini siku ile mtani wangu Mzaramo aliposhuka stesheni ya Goweko. Utani wetu tumeurithi. Wapagazi wa Kinyamwezi walipokuwa wakipeleka pembe za ndovu Bagamoyo walipita kwa Wazaramo, na kejeli zao zikabaki hai hata reli ilipofika Tabora mwaka 1912. Huyu wa kwangu hachoki kusema kwamba sisi watu wa bara samaki tunamjua kwa picha.

Nikaapa kumkaangia kambale. Asubuhi nilinunua mmoja kwa muuzaji wa baiskeli, mnene kama paja la mtoto, nikamtupa kwenye karai, nikamsahau. Kambale hupumua hewa hata akiwa nchi kavu. Saa saba mchana nilipomwendea na kisu alikuwa na nguvu kunishinda. Akaniponyoka kwa ule utelezi wake, akapita chini ya meza, akatokea mlangoni ambako mtani ndiyo kwanza alikuwa anapiga hodi.

"Mtani, huku samaki ndiye anayepokea wageni?"

Tulimkamata wawili, tukamsugua majivu na chumvi. Nikimkata vipande, nikawa namwaga elimu ya kliniki: matobolwa na michembe yetu ya viazi vitamu ni wanga, lakini gramu 100 za kambale zina protini gramu 15 na ushei, tena kuna fosforasi na vitamini B12, ile ya kutengeneza damu. Mtani aliitikia "naam, naam" kwa adabu iliyonitia wasiwasi.

Basi nikavitumbukiza vipande vikiwa vimelowa, mafuta hayajapata moto. Yalipopata, yalianza kurukaruka, nami nikageuza samaki kwa mbali kwa mwiko wa ugali, mkono mmoja ukishika mfuniko kama ngao. Ngozi yote ikagandia kikaangoni. Nilichopakua kilikaribia kufanana na kisamvu, isipokuwa vipande viwili vilivyotoka vizima, vikavu, vyekundu.

Sasa, mtani hujitwalia anachotaka na huna pa kumshtaki. Akavivuta vyote viwili upande wake wa sahani.

"Hii B12 naondoka nayo," akasema, akimega ugali. "Yako imebaki kwenye kikaango. Kwangua."

Nikakwangua.