Beti Zote za Ukimya

Sauti ikikosekana kwenye rekodi ya kompyuta, kinachoonekana kwanza ni mstari. Programu kama Audacity huichora sauti kwa mawimbi; isipoingia, mstari hunyooka kama uzi wa mwashi. Katika vyumba vya kurekodia vya Cibitoke, kaskazini mwa jiji la Bujumbura, mstari huo kwa kawaida hugunduliwa kwaya ikishamaliza beti zote, koo za soprano zimekauka na mpiga gitaa ameshapanda basi la Kanyosha.

Mtuhumiwa wa kwanza huwa maikrofoni, yaani mikro, jina ambalo mtaa umelitoa kwenye Kifaransa. Hupulizwa, hugongwagongwa kwa kidole, huitwa "alo, alo" kama mgonjwa aliyezimia. Aghalabu haina kosa, ila kitufe cha ubavuni kimezimwa. Zile za kondensa hudeka zaidi: bila volti 48 kutoka kwenye mikseri hazisikii hata ngoma za Gishora zikipigwa mle mle chumbani.

Baada ya mikro ni tundu. Kompyuta za mezani huwa na matundu ya rangi, la waridi la mikro na la kijani la spika, na bado watu hukosea. Kompyuta mpakato nyingi zimebaki na tundu moja la kazi zote mbili, linalotaka pini yenye sehemu nne za chuma. Ikichomekwa mikro ya pini yenye sehemu tatu, kompyuta hudhani imeletewa spika za masikioni, ikakaa kwa adabu ikingoja kusikilizwa. Waya mfupi wa kutenganisha matundu humaliza kesi.

Mipangilio, ambayo huku mara nyingi imeandikwa Kifaransa, ina vituko vyake. Penye "Entrée" ndipo huchaguliwa mikro ya kutumika. Kompyuta ikiachiwa uamuzi huweza kuchagua ya kwake yenyewe, na wimbo hutoka feni ikiongoza, jogoo wa jirani akiitikia, kwaya iko mbali huko. Windows 10 na 11 zina pia ruhusa ya mikro kwenye sehemu ya faragha. Ikifungwa, programu huwa kiziwi hata waya zote zikiwa sawa.

Kisa kitamu kuliko vyote ni cha umeme kukatika mchana. Taa ilikuwa imezimwa tangu asubuhi, hakuna anayeshtuka. Mikseri hufa kimya kimya. Kompyuta hubaki hai kwa betri yake, na saa ya kurekodi huendelea kuhesabu. Mwalimu wa kwaya hupunga mikono, waimbaji hulia machozi kwenye kiitikio, na kompyuta hurekodi ukimya kwa uaminifu mkubwa.

Sauti hafifu huweza kupandishwa baadaye. Mstari ulionyooka haupandishiki, kwa kuwa sifuri hata ikizidishwa mara elfu ni sifuri. Kwaya huimba upya. Basi rekodi sekunde kumi kwanza, uzisikilize, mpiga gitaa akiwa bado amekaa.