Namna ya Kununua Chupi Bila Kuona Haya

Mtu akienda sokoni kununua nyanya huinama, hugeuza moja moja, hubonyeza kitako, hulalamika kwamba za juma lililopita zilikuwa kubwa zaidi, kisha huomba nyongeza. Mtu huyohuyo akifika kwenye meza ya nguo za ndani pale Mtaa wa Kongo, Kariakoo, hupatwa na ububu. Hutupa jicho kushoto na kulia asije akaonekana na shemeji, hunyoosha kidole, huuliza bei kwa sauti ya mgonjwa, hulipa na kutokomea. Nyanya italiwa jioni ikasahaulika. Chupi utashinda nayo kutwa nzima, kwenye ngozi laini kuliko zote ulizo nazo, ndani ya daladala iliyojaa, katika joto la Dar es Salaam la mwezi wa pili. Kwa hiyo agizo la kwanza ni hili: ukifika kwenye meza hiyo, simama. Weka mkoba chini. Salimia.

Nasisitiza jambo hili kwa sababu naamini aibu inatugharimu fedha nyingi kuliko bei yenyewe. Muuzaji hana sababu ya kuleta mzigo mzuri kwa mteja asiyeukagua. Anayenunua kwa macho ya pembeni atauziwa rangi na picha ya boksi, na mwezi wa pili atakuwa anapandisha lastiki kwa kiwiko akidhani hakuna anayemwona. Wote tunamwona.

Sasa shika nguo. Igeuze ndani nje hapohapo mezani, utazame mishono. Mshono mzuri umelala bapa na uzi wake haung'ang'anii kidole. Mshono uliosimama kama ukingo utakuchuna mapajani kabla hujafika Ubungo. Vuta lastiki mpaka ipanuke maradufu, kisha iachie. Inapaswa kurudi palepale, bila mawimbi. Ukisikia mlio wa kukatikakatika, raba ya ndani imeshachoka kwa kukaa stoo au juani, irudishe. Halafu inua kitambaa kwenye mwanga. Ukiweza kusoma bango la duka la ng'ambo kupitia makalio ya nguo, hiyo pia irudishe. Watu wakikutazama, waache watazame. Huenda nao wakajifunza.

Muuzaji ataanza: "Mama, hiyo pamba tupu, pisi tatu buku tano, nakufanyia wewe tu." Mjibu kwa upole, "Asante mwanangu, nipe moja kwanza." Moja hiyo ndiyo ya mtihani. Nyumbani, chomoa uzi mmoja kutoka pindoni, uuchome kwa kiberiti juu ya sahani. Pamba huungua kama karatasi, hunuka karatasi, na jivu lake husagika vidoleni. Polista huyeyuka, hujikunja, na ikipoa huacha kitone kigumu cheusi. Lebo inaweza kuandikwa chochote na yeyote mwenye mashine ya kuchapa; kitone kile hakihongeki.

Kwa nini kujisumbua hivyo? Kwa sababu ya jasho. Pamba hunywa unyevu: hata ikiwa kavu tu hewani, takriban asilimia 8 ya uzito wake ni maji, ilhali polista haifikishi asilimia 1. Katika Tanga, Mombasa au Unguja, ambako hewa yenyewe ni mbichi, jasho lisilonywewa na kitambaa hubaki kwenye ngozi, na pale penye joto, giza na majimaji ndipo fangasi hustawi. Anayeishi Njombe ana nafuu kidogo. Hata hivyo sisemi ukimbilie pamba asilimia 100. Pamba peke yake hulegea na kuning'inia baada ya kufuliwa mara kadhaa. Kitambaa ninachokipigania ni cha pamba iliyochanganywa na elastani kidogo, kama asilimia 5, kinachojua kurudi kwenye umbo lake. Na kama moyo wako uko kwenye nailoni au lesi, vaa kwa raha zako, ila hakikisha kile kipande cha ndani cha katikati ni cha pamba. Hapo sitoi ruhusa ya mjadala.

Sasa bei. Usiulize ni shilingi ngapi. Uliza ni shilingi ngapi kwa mwezi. Tuseme zile pisi tatu za 5,000 zinakufa lastiki mwezi wa tatu: kila moja imekula kama 555 kwa mwezi. Tuseme nyingine ya 6,000 inadumu mwaka na nusu: hiyo imekula 333, na wala haikukuchubua. Hesabu hii ifanye kwa sauti mbele ya muuzaji, maana bei hushuka mbele ya mteja anayejua kugawanya. Lakini usigeuze hesabu hiyo kuwa imani kwamba kila ghali ni bora. Vijana wengi hulipia jina pana lililofumwa kiunoni, ambalo sokoni hufumwa na yeyote. Jina halikai penye jasho. Lipia kitambaa, lastiki na mshono, kwa utaratibu huo.

Kuhusu mitumba nitasema waziwazi. Shirika la Viwango Tanzania, TBS, limepiga marufuku nguo za ndani za mitumba, Kenya haziruhusu, na Zimbabwe ilizikataza mwishoni mwa 2011. Bado zinauzwa, na simcheki anayezinunua. Mara nyingi huyo ni mtu aliyeguswa na kitambaa kizuri, akalinganisha na chupi mpya inayoyeyuka kwenye beseni, akachagua ubora. Hisia yake ni sahihi, ila alichosahau ni lastiki. Uchafu unaweza kuupunguza kwa maji ya moto na pasi. Mvuto wa lastiki hauoshwi ukarudi. Aliyeivaa kwanza huko Ulaya ameshautumia, wewe unalipia mabaki. Ninachodai ni kwamba mtu mwenye shilingi chache apate mezani nguo mpya isiyomdhalilisha. Inauma zaidi ukikumbuka kwamba Simiyu na Shinyanga wanalima pamba, nyingi yake inaondoka nchini ikiwa ghafi, na sisi tunauziwa polista.

Wanaume, mnaonunuliwa boksa na wake zenu kisha mnalalamika: jifunzeni kiuno chenu ni sentimita ngapi. Inayobana si ya kukaza ujana. Utafiti uliochapishwa 2018, uliofanywa Boston kwa wanaume 656 waliofika hospitali kutafuta watoto na wenzi wao, ulionyesha kwamba waliovaa boksa pana mara nyingi kuliko nguo nyingine za ndani walikuwa na mkusanyiko wa mbegu mkubwa kwa asilimia 25. Haimaanishi kwamba boksa pana inazalisha mapacha. Inamaanisha nafasi ya kupumua huko chini si anasa.

Kwa sidiria, uzito unapaswa kubebwa na mkanda wa kifuani, mabega yasaidie tu. Ikiwa mpya, ifunge kwenye kishikizo cha nje kabisa, ili ikilegea uwe na pa kusogea. Anayeanza na cha ndani amejinyima miezi.

Ukishanunua, aibu itakufuata mpaka kwenye kamba ya nguo. Utataka kuanika chupi chini ya kanga, kwenye kona, au chumbani nyuma ya mlango. Usifanye hivyo. Nguo iliyokaukia gizani hubaki na ubichi ule ule unaoukimbia. Tena yuko nzi anayetaga mayai kwenye nguo mbichi zilizoanikwa kivulini, na buu wake huingia ngozini. Hataki kujua kama nguo ilikuwa ghali. Anika juani, piga pasi ya moto kwenye pamba. Na jiki iache mbali na lastiki, maana klorini hula elastani hata kama ulilipa 20,000.

Mwisho ni orodha ya shule ya bweni, inayotaka chupi sita na hapo ndipo mzazi hubana matumizi kwa kuwa hakuna atakayeziona. Nakuomba, hapo usibane. Binti wa kidato cha kwanza atazivaa siku za hedhi, atafua kwa ndoo moja, na hatakuwa na mama wa kumwambia kwamba zimembana. Nenda naye dukani, mwache ashike na avute mwenyewe. Chukua za pamba, rangi ya giza, saizi moja zaidi kwa sababu atakua kabla ya likizo. Jina lake liandike kwa kalamu isiyofutika ndani ya lastiki, herufi ndogo, na namba ya bweni chini yake.