Jinsi ya Kutoka kwenye Mafunzo ya Serikali na Kitu Zaidi ya Tisheti

Tisheti utapewa, hilo usiwe na wasiwasi nalo. Itakuwa na nembo kifuani na jina la mradi mgongoni, na ukibahatika utaongezewa kofia. Vaa, ila ujue umevaa nini. Mradi wa KYEOP, uliopeleka vijana wa Kenya kujifunza kazi kwa mafundi, uliidhinishwa mwaka 2016 kwa mkopo wa Benki ya Dunia wa dola milioni 150. Mkopo hulipwa. Mama anayeuza omena pale Rodi Kopany anaulipa kila anaponunua mafuta ya taa na muda wa maongezi. Kwa hesabu hiyo, hutawahi kuvaa nguo ghali kuliko hiyo maisha yako yote, na mwongozo huu ni wa kukusaidia kuipata thamani yake.

Nimeichagua Rodi kuwa mfano kwa sababu ni njia panda. Barabara ya kutoka Rongo kwenda Homa Bay inakutana hapo na ile ya Ndhiwa, inayoshuka hadi Sori upande wa Migori. Penye njia panda vitu huharibika, na vikiharibika hutafutwa fundi. Kwa maneno mengine, shule ya ufundi ilishajengwa Rodi kabla mradi wowote haujafika. Haina geti wala mkuu wa shule, lakini ina walimu tangu asubuhi hadi giza liingie.

Kabla ya kujiandikisha

Usimlipe mtu. Mradi wa NYOTA, uliofuata baada ya KYEOP, ulipokea maombi kwa simu, kwa kubonyeza *254#, bila malipo. Akikujia mtu anayedai ana mkubwa wake Nairobi wa kukupenyezea jina, mwambie amwombe huyo mkubwa ampe yeye kazi kwanza, kisha arudi muongee.

Usipunguze miaka. NYOTA inataka wenye umri wa 18 hadi 29, na kwa watu wenye ulemavu hadi 35. Kama umevuka, hujafa. Kuna vyuo vya ufundi vya kaunti, kuna Siala pale Rongo na Mawego upande wa Kendu Bay, na kuna mitihani ya gredi ambayo nitaifikia. Kitambulisho cha mdogo wako kiache mfukoni mwake.

Sasa chagua kazi, na hapa ndipo vijana wengi hupotelea. Mtu anachagua ususi kwa kuwa rafiki yake amechagua ususi, na rafiki yake alichagua kwa kuwa ndiyo iliyokuwa juu kwenye orodha. Fanya hivi: simama njia panda siku ya soko, kuanzia asubuhi, na uangalie. Hesabu saluni na vinyozi. Ukichoka kuhesabu, hiyo si kazi yako. Kisha angalia kinachopita. Upande wa Ndhiwa ni miwa. Kuna kiwanda cha sukari, na kuna vinu vidogo vya sukari guru ambavyo rola zake hukwama na beringi zake huisha katikati ya msimu, na mwenye kinu anabaki na miwa inayokauka huku akimsubiri fundi kutoka mbali. Upande wa Homa Bay na Sori ni ziwa, na injini ya boti ikizima majini haijali kwamba wewe ulisomea kusuka. Wakulima wana plau zinazovunjika kila msimu wa kulima. Chagua kazi ambayo mtu atakufuata nyumbani kukuomba uifanye.

Ukiwa karakanani

Mpango wa KYEOP ulikuwa hivi: darasa fupi la stadi za maisha na biashara, miezi mitatu ya kufundishwa kazi, miezi mitatu ya kuzoea kazini, na posho ya shilingi 6,000 kwa mwezi. Nimeona namna posho hii inavyowateka watu. Tarehe ya malipo inajulikana kwa kichwa, lakini upana wa mlango haujulikani. Yule ambaye amekuja kwa 6,000 utamtambua: yeye husimama mbali na cheche, simu mkononi, akipiga picha za wenzake wakifanya kazi.

Wewe sogea. Tuseme fundi anaunda mlango wa chuma. Amekata vyuma vinne, amevipanga chini, na anavishikisha kwa doa moja moja kila kona. Mwanafunzi wa posho anadhani kazi imekwisha. Fundi anachukua tepu, anapima kutoka kona ya juu kushoto hadi ya chini kulia, kisha kona nyingine hadi nyingine. Vipimo viwili vikilingana, mlango umenyooka. Vikipishana hata kidole kimoja, anagonga kona moja kwa nyundo, anapima tena, anagonga tena, na hachomelei moja kwa moja hadi vilingane. Haongei. Hakuambii kwa nini anafanya hivyo kwa sababu naye hakuambiwa. Aliona. Uliza. Uliza kwa adabu, umwite "fundi" au "jaduong'", yaani mzee, kama umri wake unadai, lakini uliza, kwa sababu hizo dakika mbili za tepu ndizo zinazotofautisha mlango unaofunga na mlango utakaorudishwa kwa mkokoteni na mteja mwenye hasira.

Halafu kuna jambo ambalo hata mafundi wazuri hulikwepa: bei. Mteja akifika kuulizia geti, kaa karibu. Sikiliza kama fundi anahesabu kila kitu. Vyuma, sawa. Rodi za kuchomelea, sawa. Diski za grenda? Rangi? Nauli ya pikipiki ya kupeleka geti Asumbi? Tokeni? Mashine ya kuchomelea hula tokeni kwa pupa, na fundi asiyeziweka kwenye bei anamlipia mteja umeme kutoka mfukoni mwake mwaka mzima, kisha anashangaa kwa nini ana kazi nyingi na hana pesa. Andika hesabu hiyo kwenye daftari. Kama darasa la biashara lilikufundisha maneno makubwa ya ujasiriamali lakini likakuacha hujui kupiga bei ya geti moja, dai hilo somo kwa mkufunzi kabla hajapanda gari kurudi kaunti.

Kwa mwenye karakana

Mkubwa, najua unachoogopa. Unaogopa kumfundisha kijana kila kitu, kisha afungue karakana ng'ambo ya barabara na kuchukua wateja wako. Kwa hiyo unamfundisha nusu. Unampa kusugua kutu, unamtuma chai na mandazi, na inapofika kazi ya vipimo unamtuma spana. Acha. Mradi unakulipa kwa kufundisha, na mlipaji ni yule yule mama wa omena. Isitoshe, kijana aliyefundishwa nusu huharibu jina la kazi nzima: mteja aliyeuziwa mlango uliopinda Rodi ataagiza mlango Kisii na hatarudi kwako wala kwake.

Na ujue thamani yako. Mwishoni mwa miaka ya 1990 Kenya ilijaribu vocha za mafunzo kwa watu wa jua kali. Serikali ililipia sehemu kubwa ya gharama, mfanyakazi akaongezea kidogo, kisha akachagua mwenyewe wa kumfundisha. Wengi hawakupeleka vocha zao kwenye vyuo vyenye majengo. Walizipeleka kwa mafundi stadi kama wewe, na mafundi wakaanza kuandaa kozi zao na kuzitangaza. Watu walipopewa uwezo wa kuchagua, walichagua karakana. Basi jiendeshe kama mwalimu. Panga wiki hii ni kukata, wiki ijayo ni vipimo, ile nyingine ni bei. Nunua miwani ya pili ya kuchomelea. Kijana anayekinga macho kwa kiganja anafundishwa upofu.

Kama una wafanyakazi wa kuandikwa, kuna tozo ya mafunzo ya NITA, yaani Mamlaka ya Kitaifa ya Mafunzo ya Viwandani: shilingi 50 kwa kila mfanyakazi kila mwezi. Wafanyakazi watano ni shilingi 3,000 kwa mwaka. Waajiri wengi huilipa kwa kununa kama faini na hawaulizi tena. Uliza! Tozo hiyo ipo ili mwajiri anayewapeleka watu wake mafunzoni aweze kurudishiwa gharama. Sharti ni kwamba uombe idhini kabla ya mafunzo. Ukienda na risiti baada ya mafunzo utakuwa umeichangia nchi, asante sana, lakini hutarudishiwa kitu.

Kwa afisa

Yako ni fupi. Usiwaite mafundi wa Rodi hotelini Homa Bay siku ya soko. Usiwafundishe kuhusu mitambo wasiyoweza kuigusa. Mwaka 1966 Baraza la Kikristo la Kitaifa la Kenya lilitoa ripoti iliyouliza vijana wafanye nini baada ya shule, na jibu lake likazaa vyuo vya ufundi vya vijijini: vidogo, vya bei rahisi, karibu na nyumbani. Vyuo hivyo sasa viko mikononi mwa kaunti. Vinahitaji wakufunzi, vifaa na umeme kabla havijahitaji lango jipya lenye rangi. Na kabla ya kuhesabu waliohitimu, rudi baada ya mwaka ujue ni wangapi bado wanafanya kazi waliyofundishwa.

Baada ya sherehe

Wakubwa wamehutubia, picha zimepigwa, cheti kiko mkononi. Ukipata ruzuku ya NYOTA ni shilingi 50,000 kwa awamu mbili, na katika kila 25,000, shilingi 3,000 huwekwa akiba ya uzeeni NSSF, 22,000 zikakufikia. Simu mpya inaweza kungoja. Usinunue mashine kubwa kwanza pia, maana tokeni zake zitakumaliza kabla ya mteja wa tatu. Nunua vifaa vya mkono vilivyo imara, kisha mwombe fundi aliyekufunza ukodishe mashine yake jioni, kwa malipo mliyoafikiana mkaandikiana. Rafiki atakayetaka umkopeshe awamu ya kwanza ili akulipe ya pili ikija, mwonyeshe daftari la bei na umwambie kila shilingi ina kazi yake.

Halafu nenda ukafanye mtihani wa gredi wa NITA. Anza na Gredi ya Tatu, ufanye kazi, upande hadi ya Pili na ya Kwanza. Fundi wako naye mchukue mwende pamoja, kwani huenda ameshika nyundo miaka mingi bila karatasi hata moja, na kwa kukosa karatasi hiyo anapita mbele ya shule inayowekewa madirisha na mtu wa mbali. Serikali imeanza pia kutambua ujuzi uliopatikana kazini bila darasa, kwa hiyo ulizieni hilo siku hiyo hiyo. Bebeni vitambulisho, nakala zake, na picha za kazi zenu: milango, mageti, plau zilizounganishwa. Siku hiyo unaweza kuvaa ile tisheti, ikiwa bado haijatobolewa na cheche. Ikiwa imetobolewa, ivae vivyo hivyo.