Udongo Hauna Sifa za Kujiunga

Kwa Wajumbe wa Kamati ya Mitaala ya Uhandisi wa Majengo, popote wanapoketi.

YAH: NYUMBA ZA KASULU NA KIBONDO

Uhandisi wa majengo ni taaluma iliyo katikati ya mbunifu anayechora nyumba na mhandisi anayehakikisha haianguki. Mwanafunzi wake husoma nguzo na mihimili, mwanga, hewa, joto, mabomba na umeme. Tanzania iliigawa mapema: uhandisi ulianza kufundishwa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mwaka 1973, na ubunifu ukawa jirani, kwenye chuo ambacho tangu 2007 kinaitwa Chuo Kikuu Ardhi. Wahandisi wana bodi yao ya usajili, wabunifu wana nyingine. Nyumba haina taarifa ya mgawanyo huo. Husimama yote au huanguka yote.

Kamati inastahili pongezi kwa kumlinda mwanafunzi dhidi ya udongo. Zege lina muhula wake, chuma kina wake, hata kioo hakikosi kipindi. Udongo huitwa darasani pale tu unapobeba msingi, kisha hutolewa nje kama mgeni asiye na kitambulisho. Hoja ya Kamati ni nzito: udongo haukusoma Fizikia. Kwamba kuta nyingi za Kasulu na Kibondo, mkoani Kigoma, zimejengwa kwa huo huo ni suala la wenyeji.

Tofali la huko hutengenezwa hivi. Kiangazi kikianza, udongo huchimbwa bondeni, humwagiwa maji na kukanyagwa kwa miguu hadi ulainike. Hufyatuliwa kwa kalibu ya mbao, hukaushwa chini ya majani, kisha hupangwa kuwa tanuri lenye midomo ya kuingizia magogo, na nje likakandikwa tope. Moto hukesha. Tanuri likipoa, tofali za katikati zimeiva na za pembeni zimebaki nusu mbichi. Fundi huzitambua bila maabara: hugonganisha mbili karibu na sikio. Zikilia kama chungu kizima, zinakwenda kwenye ukuta wa nje. Zikiitika kwa mlio wa kufa, zinakwenda kwenye ukuta wa ndani, au kwa mteja ambaye haji saiti. Kozi huunganishwa kwa tope, kwa kuwa mfuko wa saruji umesafiri mamia ya kilomita na bei yake imesafiri nao.

Mvua za Novemba ndizo mtahini wa nje. Bati limefupishwa ili kuokoa pesa, gata hakuna, kwa hiyo maji hudondoka kando ya ukuta na kurukia kozi za chini, ambazo huliwa taratibu kama sabuni. Ukuta uliofeli haupewi sapu, hudisko. Dawa inajulikana: msingi uliopanda juu ya ardhi, paa lililotokeza, plasta ya chini. Darasani huonyeshwa, na ni haki, Soko la Kariakoo alilolichora Beda Amuli miaka ya 1970, lenye miavuli ya zege inayokusanya maji ya mvua. Umbali kati ya mwavuli ule na gata moja ya bati Kibondo bado haujawekwa kwenye silabasi.

Kuhusu hewa, madirisha mapana ya kupitisha upepo wa bahari hufaa Dar es Salaam. Kasulu na Kibondo ziko zaidi ya mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, na usiku wa Juni watu huvaa masweta. Ukuta mnene wa udongo hunywa joto la mchana na kulirudisha usiku. Bila shaka hilo ni kosa la ukuta, kwa kuwa haukuomba kibali.

Ardhi ya huko nayo hutikisika, maana Ziwa Tanganyika la jirani limelala ndani ya Bonde la Ufa. Tetemeko la Ziwa Tanganyika la tarehe 5 Desemba 2005 lilifikia kipimo cha 6.8. Lile la Kagera, Septemba 2016, lilikuwa dogo zaidi, 5.9, na bado liliua watu na kuangusha maelfu ya nyumba. Ukuta wa tofali usiofungwa kwa lenta inayozunguka nyumba nzima hufunguka pembeni kwanza. Lenta ndiyo inayokatwa bajeti ikibana, kwa sababu wageni hawaioni.

Kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, wilayani Kasulu, ilifunguliwa mwaka 1996, na imewahi kubeba zaidi ya watu 100,000. Wakimbizi wa Kongo na Burundi wamejenga humo kwa tofali mbichi, kwa mikono yao. Mji mzima wa vielelezo, bila ada ya maabara.

Wakala wa Taifa wa Utafiti wa Nyumba Bora na Vifaa vya Ujenzi ulihimiza tofali za kufungamana: udongo na saruji kidogo, vinashindiliwa kwa mashine, havichomwi, na miombo inapona. Kamati iwe macho hapa. Mwanafunzi akiisoma mashine hiyo, itabidi audodose udongo, na udongo wa Heru Juu, Kasulu, si wa Mabamba, Kibondo. Mmoja una mchanga, mwingine utahitaji kuongezewa.

Nakala: Fundi wa Heru Juu, kwa taarifa.
Mvua za Novemba, kwa utekelezaji.