Kuanguka Ukiwa Umesimama

Kuanguka ukiwa umesimama ni ajali ya baiskeli isiyohitaji mwendo, shimo, mvua wala gari. Mwendeshaji husimama, hubaki wima kwa muda wa kuvuta pumzi moja, kisha hulala ubavu pamoja na baiskeli yake, miguu yote miwili ikiwa bado imeshikamana na pedali, kama kuku aliyefungwa kupelekwa sokoni. Ajali hii huwapata watu wazima kuliko watoto, kwa sababu watoto hawana pesa za kununua viatu vinavyoisababisha. Mfano wa karibuni kabisa ulitokea Jumamosi iliyopita, kwenye kona moja juu ya Tambach, katika barabara inayopanda kutoka Bonde la Kerio kwenda Iten, mbele ya mama mwenye beseni la maembe, waendesha bodaboda wawili, na watoto wasiopungua tisa. Kiwiko cha mhusika bado kina rangi ya zambarau ya dawa. Maneno ya yule mama hayajapata dawa.

Ajali hii haieleweki bila kuielewa pedali. Chini ya kiatu cha mwendeshaji hufungwa kipande cha plastiki ngumu chenye umbo la pembetatu. Kiatu kikikanyaga pedali, springi hufyatuka, kipande kikanaswa, na kuanzia hapo mguu na baiskeli ni kitu kimoja. Wazo lilitoka kwenye buti za kuteleza juu ya theluji: kampuni ya Kifaransa ya Look, iliyokuwa ikitengeneza vibanio vya buti hizo, ilitoa pedali ya namna hiyo mwaka 1984, na mwaka uliofuata Bernard Hinault akashinda nayo Tour de France. Ni kifaa kizuri ajabu. Mguu hauchomoki hata baiskeli ikirukaruka, na nguvu haipotei kwa kiatu kuhamahama. Kujinasua nako ni rahisi kwenye karatasi ya maelezo: kisigino husukumwa nje kwa upande, kama mtu anayeponda mende. Lakini mtu anayeanguka hapondi mende. Huvuta mguu juu, kwa haraka, kama walivyofanya babu zake wote, na springi imeundwa makusudi kukataa kuvutwa juu. Pembeni mwa pedali kuna skrubu ndogo ya kukaza au kulegeza springi hiyo. Mwenye kiwiko cha zambarau aliikaza mwenyewe, mizunguko minne, Ijumaa usiku, kwa kuwa alikuwa amesikia kwamba mabingwa hukaza.

Safari za baiskeli za kulipia, ambazo siku hizi ni nyingi, hutangazwa kuwa si mashindano. Baada ya kutangaza hivyo, waandaaji humpa kila mtu namba ya kifuani na kibati cha kuhesabu muda hadi sehemu za sekunde. Hii ya Jumamosi ilianzia Iten, mji ulio kwenye ukingo wa bonde, mita 2,400 hivi juu ya usawa wa bahari, ambako kila pumzi hubeba oksijeni pungufu kwa karibu robo ikilinganishwa na ya Mombasa. Kutoka hapo barabara huporomoka kupitia Kessup na Tambach hadi daraja la Chebloch, penye mto Kerio na mpaka wa kaunti za Elgeyo-Marakwet na Baringo, mita elfu moja na kidogo tu. Huparamia Milima ya Tugen hadi Kabarnet, mita 2,000 hivi. Kisha hugeuka na kurudi ilikotoka. Kwenda na kurudi ni kilomita 100 na ushei, na ndani yake hakuna sehemu tambarare inayostahili kuitwa tambarare.

Ubaya wa njia hii ni kwamba inaanza kwa kuteremka. Mteremko wa asubuhi hufanya kazi kama mkopo wa simu wa Fuliza: pesa huingia pale pale, mtu akajiona tajiri, na deni hukaa kimya likisubiri jioni. Saa moja ya kwanza mhusika alikuwa bingwa. Upepo ulipiga kelele masikioni, maembe na mbuzi vilipita kama picha, na alifika darajani akiwa ameunda maoni yasiyofaa kuhusu uwezo wake. Kabarnet ilifikiwa kwa shida za kawaida. Chai ilinywewa, mandazi mawili yakaliwa.

Mlima wa kurudi hutaka hesabu. Baiskeli yenye gia ni mashine ya kubadilishana: hukupa wepesi, nawe unalipa kwa kuzungusha miguu mara nyingi zaidi. Waasisi wa Tour de France waliona mabadilishano hayo kuwa ni uvivu, na gia za kuhamisha mnyororo zilikatazwa humo hadi mwaka 1937. Kabla ya hapo mwendeshaji aliyefika chini ya mlima alishuka, akachomoa gurudumu la nyuma, akaligeuza ili meno ya upande wa pili yafanye kazi, akalirudisha, akaendelea, huku mikono imejaa grisi. Mtu husoma habari hizo kwa huruma hadi siku anapogundua kwamba baiskeli yake ya mtumba, ambayo muuzaji aliapa ilikuwa ya bingwa wa Ubelgiji, kweli ilikuwa ya bingwa, na bingwa huyo aliishi kwenye nchi tambarare. Gia yake nyepesi kuliko zote ina meno 39 mbele na 25 nyuma. Gurudumu likizunguka mara moja huenda mita 2.1; kwa gia hiyo, mzunguko mmoja wa pedali husogeza baiskeli mita 3 na robo. Kwa mwendo wa kilomita 6 kwa saa, ambao ndio uliokuwepo, hiyo ni mizunguko 30 hivi kwa dakika. Waendeshaji wazoefu hupendelea 80 au 90. Mizunguko 30 si kuendesha baiskeli. Ni kupanda ngazi ya ghorofa, kidato kimoja kimoja, ukiwa umekaa.

Hesabu ya nguvu inadhalilisha zaidi. Mtu na baiskeli yake wakiwa kilo 85, kwenye mwinuko wa asilimia 8, kwa mwendo huohuo, wanahitaji kama wati 120. Yaani mtu mzima, mwenye kazi na familia, anahema, anatoa povu, anaona vimulimuli, na jumla ya kazi yake yote ingetosha kuwasha balbu mbili za zamani za wati 60. David Rudisha, aliyesoma hapo Iten na kufundishwa mbio na mtawa wa Kiayalandi Colm O'Connell, alikimbia mita 800 mjini London mwaka 2012 kwa dakika 1 na sekunde 40.91. Hiyo ni kilomita 28 na nusu kwa saa, kwa miguu. Kulinganisha hakuna haki, lakini mtu akipanda kwa kilomita 6 kwa saa hupata muda mwingi wa kulinganisha.

Juu ya hayo kuna suala la mafuta. Mwili huhifadhi sukari yake kwenye misuli na ini, gramu 400 hadi 500 tu kwa mtu wa kawaida, na mlima huila bila kuuliza. Ikiisha, mafuta ya kitambini yapo tele lakini huungua polepole, kama kuni mbichi. Dalili ya kwanza si miguu. Ni akili. Mwendeshaji huanza kuona mambo ya kipuuzi kuwa ya busara, na hapo ndipo Tambach ilipopitwa.

Jambo la busara lililoonekana lilikuwa hili: kusimama bila kuonekana umeshindwa. Kwenye kona, chini ya kivuli, alikuwepo mama wa makamo na beseni la maembe. Anayesimama kupumzika ni mdhaifu. Anayesimama kununua embe ni mteja. Mhusika alijikunjua mgongo, akaweka uso wa mteja, akaacha kukanyaga.

Baiskeli inayokwenda hujisimamisha yenyewe. Ikianza kuinama kushoto, gurudumu la mbele hugeuka kushoto na kurudi chini ya uzito. Kwa miaka mingi vitabu vilisema sababu kubwa ni kule kuzunguka kwa magurudumu, kama pia ya watoto. Mwaka 2011 watafiti wa Uholanzi na Marekani walichapisha habari za baiskeli ndogo waliyoiunda makusudi ili athari hiyo isiwepo, nayo bado ikawa inajisimamisha. Jambo hili ni tamu na mtu angeweza kulifikiria kutwa nzima. Lakini wote, wa zamani na wa sasa, wanakubaliana kwamba baiskeli inahitaji kuwa inakwenda. Hii haikuwa inakwenda. Ilisimama wima kabisa, kwa heshima, mbele ya beseni. Mteja akafungua mdomo kuuliza bei. Akakumbuka miguu. Akaivuta juu.

Alianguka upande wa beseni, kwa utaratibu, kama mti unaokatwa na mtu asiye na haraka. Beseni halikuguswa, kwa kuwa mama alikuwa amekwisha kulisogeza. Baadaye ilibainika aliona mambo yote tangu kona ya chini. Kimya kilipita. Watoto walikuwa wa kwanza kukaribia, wakachuchumaa, wakachunguza.

"Amefungwa," mmoja akatangaza.

"Pole sana baba," mama akasema. "Sasa hiyo baiskeli imekufunga kwa nini? Ulikuwa unakataa kupanda?"

Maelezo ya springi, kisigino na mende yalitolewa kutoka chini, lakini hayakushika. Mwendesha bodaboda mmoja, kijana mwenye akili za fundi, aliivuta baiskeli, mtu naye akavutika. Akajaribu tena, wakasogea wote wawili nusu mita kuelekea Iten, na hiyo ndiyo sehemu pekee ya mlima mhusika aliyopanda bila jasho. Hatimaye kijana akaacha pedali, akalegeza kamba za viatu, akaichomoa miguu. Viatu vikabaki kwenye pedali, vikining'inia. Mwenye viatu akasimama juu ya lami ya alasiri kwa soksi, akirukaruka mguu huu na huu kwa joto, na hapo ndipo watoto, waliokuwa wamejizuia kwa adabu, walipochoka kujizuia.

Embe lilitolewa. Noti ilipotolewa, mama aliikataa kwa mkono.

"Hii kula tu. Hiyo pesa weka ya hospitali."

Kijana wa bodaboda alikuwa na pendekezo lake. "Mzee, mia tatu mpaka Iten. Hata hiyo baiskeli nitaifunga hapo nyuma." Likakataliwa. Hakukasirika. Aliwasha pikipiki, akafuata kwa gia ya kwanza, na kwenye kila kona akatangaza bei mpya: mia mbili, mia na hamsini, mia. Kona ya tano alisema, kwa sauti ya chini ya mtu anayezungumza na mgonjwa, kwamba angebeba bure. Kukataa bure kulikuwa kugumu kuliko mlima.

Mambo mengine yaliyotokea kati ya hapo na Iten ni ya kawaida. Tairi la nyuma lilipata pancha. Paja la kulia lilikaza kwa maumivu, la kushoto likaiga. Msichana aliyekuwa kwenye mazoezi ya kukimbia alimpita kwa miguu, akasema pole, naye alikuwa akipumua kwa pua.

Jambo moja tu halichekeshi. Asubuhi barabara ilikuwa na askari wa trafiki, pikipiki zenye bendera na gari la wagonjwa. Vyote hivyo viliondoka na watu wa mbele, wale wanaopanda kwa saa moja na kwenda nyumbani. Wa nyuma waliachiwa malori. Lori linalopanda mlima halipendi kupunguza mwendo, kwani likipunguza haliupati tena. Hivyo hupita karibu, na mwendeshaji asiyekwenda kasi ya kutosha kushika mstari husukumwa kwenye ukingo wa lami uliokatika, ambapo shimo lina kina cha shubiri nzima. Anayekaa barabarani saa nyingi kuliko wote, akiyumba kuliko wote, ndiye anayeondolewa ulinzi mapema kuliko wote. Ada yake ilikuwa ileile. Fomu ya kujiandikisha haikuwa na bei ya wenda-pole.

Fomu ilisema pia kwamba mstari wa kumalizia ungekuwa wazi hadi saa kumi na moja jioni. Mhusika alifika saa kumi na dakika ishirini. Mkeka wa kusoma vibati ulikuwa umekunjwa na kufungwa kamba. Maji yalikuwa yamekwisha. Chai iliyoandikwa kwenye fomu haikuwa imewahi kuwepo. Vijana wawili walikuwa wakipakia mahema kwenye pikapu. Mmoja alisema kwamba, kwa kuwa mashine imezimwa, jina lingeandikwa miongoni mwa wale ambao hawakumaliza. Alionyeshwa saa. Alikubali kwamba ni saa kumi na dakika ishirini na mbili. Alikubali pia kwamba mtu aliye mbele yake ameonekana kumaliza. Mashine, hata hivyo, ilikuwa imezimwa.

Medali zilikuwepo, ila kwenye katoni iliyokwisha kupigwa gundi, na katoni ilikuwa chini ya mahema.

Kibati cha kuhesabu muda, hata hivyo, kilitakiwa kirudishwe, kwa kuwa asiyekirudisha hutozwa faini. Hilo fomu ililisema kwa herufi nene. Kilikatwa kwenye uma wa mbele kwa kisu cha kumenyea maembe kilichoazimwa jirani. Kijana akakipokea, akakikagua pande zote mbili kuona kama kimekwaruzika, akainua mahema, akabandua gundi ya katoni, akakitia ndani pamoja na medali, akaifunga tena.