Kuhusu Makundi ya Nyaraka za Ramani Yapatikanayo Tarime na Serengeti, pamoja na Nyongeza juu ya Probox

Nyumbu wa Serengeti wamehesabiwa, wamepigwa picha kutoka angani, wamevishwa kola za kuwafuatilia na kuandikiwa tasnifu. Majani ya mbuga ile yana majina ya Kilatini ambayo mbuzi wa Mugumu wanaoyala hawajawahi kuarifiwa. Ipo lakini jamii moja ya viumbe ambayo taaluma imeipita njiani bila hata salamu: maelezo ya namna ya kutumia programu huria za ramani. Makala haya yanakusudia kuziba pengo hilo, maana makala ya kitaaluma yasiyo na pengo la kuziba hayaruhusiwi kuchapwa.

Kwanza mazingira. Mwaka 2015 Janet Chapman wa Tanzania Development Trust, shirika la Uingereza, alianzisha mradi wa Crowd2Map Tanzania ili kujaza ramani ya OpenStreetMap katika maeneo ya vijijini ambayo hadi wakati huo yalikuwa meupe pe. Sababu yake haikuwa ya mzaha. Msimu wa ukeketaji mkoani Mara huangukia zaidi Desemba, shule zikiwa zimefungwa, na wapo mabinti wanaotoroka usiku. Sheria ya mwaka 1998 inakataza kumkeketa aliye chini ya miaka 18. Hata hivyo utafiti wa kitaifa wa afya wa 2015-16 ulikuta asilimia 32 ya wanawake wa Mara wamekeketwa. Simu ikilia kwamba binti yuko kitongoji fulani na anatafutwa ili akeketwe, ramani isiyo na kitongoji hicho ni karatasi ya kufungia vitumbua. Shirika la Hope for Girls and Women in Tanzania, linaloongozwa na Rhobi Samwelly na lenye nyumba salama Butiama na Mugumu, limekuwa miongoni mwa wanaoihitaji ramani hiyo.

Kazi yenyewe hufanywa na watu wasiofahamiana. Aliye Berlin au London anatazama picha za setilaiti na kuchora paa na njia. Aliye Tarime anapita na simu yake, anatia majina: shule ipi, zahanati ipi, duka la nani. Hapo zinaingia programu: JOSM na iD kwa wachoraji, Maps.me kwa wapita njia, ODK kwa wanaojaza fomu za ripoti kutoka vijijini. Programu zote hizi zinahitaji kuelezwa. Maelezo makuu ya OpenStreetMap yanakaa kwenye wiki yake, inayoendeshwa kwa MediaWiki, programu ileile iliyobeba Wikipedia. Yeyote anafungua akaunti na kuandika. Yeyote mwingine anafuta.

Kundi la kwanza basi ni Ukurasa wa Wiki wenyewe. Ni kiumbe kikaacho mahali pamoja. Kina kumbukumbu ndefu kuliko ya mama mkwe, kwani kila koma iliyoondolewa imeandikwa iliondolewa na nani na saa ngapi. Hula bando. Kimegawanyika katika spishi kadhaa, nasi tutataja mbili. Spishi ya kwanza ni ukurasa-tafsiri, ambao kichwa chake ni Kiswahili na tumbo lake Kiingereza. Mfasiri alianza kwa ari, akapata ajira, hajarudi. Spishi ya pili ni ukurasa wa majadiliano, na hapo mtafiti makini ndipo aweke kambi, kwa sababu ndiko watu wa Ulaya wanakobishana kwa adabu kubwa kuhusu barabara ambazo hawatazipita kamwe.

Mfano ulio bora kuliko yote ni lebo ya ulaini wa njia. Wiki inazipanga njia zote za dunia katika madaraja manane. Kwa tafsiri yetu: bora sana, nzuri, ya wastani, mbaya, mbaya sana, ya kutisha, ya kutisha sana, na haipitiki. Kila daraja lina chombo chake. La kwanza ni la wenye viatu vya magurudumu. La pili ni la baiskeli za mashindano. Gari la kawaida huishia daraja la nne. Kuanzia la tano wiki inataka gari lililoinuka, la sita magari ya kupanda milima, la saba trekta. Sasa mpeleke aliyeyapanga madaraja haya kwenye njia itokayo Mugumu kushuka kwenye udongo mweusi wa mbuga, mvua imenyesha jana. Kwa jedwali, hapo ni trekta. Kwa macho, hapo kuna Probox. Imebeba abiria kupita viti vyake, kuku wawili, gunia la mkaa juu, na dereva anaongea na simu. Hilo gari, ambalo Kanda ya Ziwa linaitwa mchomoko, halimo kwenye jedwali la wiki, na uwepo wake daraja la saba unaliharibu jedwali zima, kama vile mtu amkute samaki juu ya mti akaulizwa alifikaje.

Tatizo si kwamba jedwali ni la kijinga. Limefikiriwa vizuri na watu waliojua barabara zao. Tatizo ni kwamba barabara za Tarime zinaainishwa na mamlaka tatu kwa wakati mmoja. Serikali, kwa Sheria ya Barabara ya mwaka 2007, inatazama nani mwenye kuitunza: barabara kuu na za mkoa ni za TANROADS, zile za wilaya ni za TARURA tangu ilipoanza 2017. Wiki, katika mwongozo wake wa Afrika, inasema tazama umuhimu wa njia, usitazame kama ni lami au vumbi. Huo ni ushauri wa busara, na umeandikwa na watu waliokwisha kuonja vumbi. Mamlaka ya tatu ni kijiwe cha bodaboda. Wao wana madaraja mawili tu, inapita na haipiti, na daraja hubadilika mawingu yakijikusanya. Kwa maoni ya mwandishi, anayemfuata binti usiku ili kumwokoa afuate mamlaka ya tatu, lakini mamlaka hiyo haina akaunti kwenye wiki.

Makazi nayo yana kitendawili chake. Tanzania, kitongoji ni sehemu ya kijiji, kina mwenyekiti wake. Wiki inakigeuza kuwa hesabu ya vichwa: watu chini ya mia moja au mia mbili ni kitongoji, zaidi ya hapo ni kijiji. Chini kabisa wanaweka makazi ya pekee, yenye kaya moja au mbili. Tuingie na kanuni hiyo kwenye mji wa mzee wa Kikurya mwenye wake wanne, kila mke na nyumba yake na jiko lake. Kaya moja au nne? Na mji wa jirani yake, ambako bibi asiye na mtoto wa kiume ameoa binti kwa desturi ya nyumba ntobhu, tuuweke wapi? Mchoraji wa Berlin hana habari. Yeye ameona paa za duara, amebonyeza herufi O ambayo kwenye JOSM hulifanya umbo kuwa duara, ameendelea na paa inayofuata. Kama katika hizo duara mojawapo ni kihenge cha mtama, basi mtama umehesabiwa kuwa familia.

Kundi la pili ni Sauti ya WhatsApp, na hapa ndipo ilipo elimu yenyewe. Huzaliwa hivi. Mtu kijijini anaandika: Shikamoo mwalimu, fomu imegoma. Jibu halichelewi, nalo si maandishi, ni sauti, jogoo akiwika nyuma: "Marahaba. Mura, sikiliza. Fomu haijapotea, iko kwenye simu, itaondoka ukifika penye mtandao. Halafu ile duara ya GPS usiihifadhi ikiwa kubwa. Uko chini ya mwembe? Toka nje, subiri ipungue, ndiyo ubonyeze." Hakuna ukurasa wa wiki uliowahi kulieleza jambo hilo kwa ufupi na usahihi kiasi hicho, wala uliowahi kuujua mwembe. Mtu yuleyule atauliza tena mwezi ujao, mwalimu atajibu tena, kwa sababu sauti haitafutiki. Imezikwa chini ya salamu za Ijumaa, matangazo ya msiba na picha za ng'ombe anayeuzwa. Simu ikiibwa Sirari, maktaba nzima imevuka mpaka.

Kundi la tatu, Karatasi Iliyolaminishwa, lisitucheleweshe. Ni picha za skrini zenye mishale myekundu, zinazoachwa na wawezeshaji baada ya semina. Maisha yake ni mafupi. Mwishoni mwa 2020 wamiliki wapya wa Maps.me waliibadilisha sura. Watu waliokuwa wameijenga wakauchukua msimbo wa zamani, uliokuwa huria, wakaanzisha Organic Maps mwaka uliofuata. Tangu siku hiyo kila karatasi ya zamani inaelekeza mshale kwenye kitufe kisichokuwepo, lakini plastiki yake bado iko imara na inafaa kwa kukatia nyanya.

Kwa nini basi sauti haigeuki kuwa ukurasa? Nadharia ya kawaida inasema watu wa vijijini hawana utamaduni wa kuandika. Nadharia hiyo ina tabia ya kutungwa na watu ambao hawajawahi kujisajili kwenye wiki kwa simu ya kioo kilichopasuka. Unatakiwa uwe na barua pepe. Unatakiwa ujue alama za mabano mraba. Kisha unaandika kwa Kiswahili ukurasa ambao mhariri wa ng'ambo hawezi kuusoma, naye kwa nia njema anauliza kama ni takataka. Mwalimu wetu wa mwembe ameshajibu maswali mengi ya fomu na GPS kwa siku moja bila kuulizwa kitambulisho.

Lipo pia kundi ambalo wiki imelitambua vema kuliko sisi wengine: Kisichoandikwa. OpenStreetMap ina ukurasa mzima juu ya mipaka ya kuchora mambo ya faragha ya watu, na kwa wilaya hizi mbili naona ndio ungepaswa kutafsiriwa wa kwanza, kabla ya madaraja ya ulaini. Ramani inayomsaidia mwokoaji kufika kwa binti inaweza pia kumsaidia baba mwenye hasira kufika alikojificha. Jina la kitongoji ni la wote. Nyumba anayolala binti si ya ramani, hata kama kuna lebo inayoikaa sawasawa.

Inabaki nyongeza tuliyoahidi. Tunapendekeza daraja la tisa la ulaini: inapitika kwa Probox. Utaratibu wa wiki uko wazi: pendekezo lijadiliwe angalau wiki mbili, lipigiwe kura angalau wiki mbili nyingine, likipata angalau kura nane za ndiyo na robo tatu ya waliopiga kura wakiafiki, limepita. Tatizo pekee ni kwamba jedwali linataka kila daraja liwe gumu kuliko lililotangulia, na wajumbe wa kijiwe cha Mugumu hawajaafikiana bado kama hilo letu likae kabla ya "haipitiki" au baada yake.