Bi Chokaa Anajibu: Ukuta Wangu Unalia

Safu hii hutatua magomvi ya ndoa, lakini ndoa ya mtu na nyumba yake tu. Magomvi ya mtu na mtu yana kadhi wake. Masika yamekatika juzi, mfuko wa barua umekuja umelowa, nami nimechagua zile zilizosomeka.

*Bi Chokaa, asalaam aleikum. Tumerithi nyumba ya ghorofa Malindi, Unguja. Fundi alitushauri tubandue lipu yote ya zamani, tupige saruji, kisha rangi ya mafuta ing'ae. Iling'aa mpaka mvua za mwaka huu. Sasa ukuta wa sebule unatoka jasho, rangi inafura malengelenge, na kila asubuhi nafagia unga mweupe wenye ladha ya chumvi (usiniulize nimejuaje). Fundi anasema tuongeze saruji. Mume wangu anasema ni jini. Nimwamini nani? – Mwenye Ukuta Unaolia*

Waaleikum salaam, mwanangu. Jini mwache apumzike, hana kosa. Fundi ndiye wa kuitwa barazani.

Ukuta wako ni mawe ya matumbawe yaliyoshikwa kwa chokaa na udongo. Jiwe hilo lina vishimo vingi. Linakunywa maji ya ardhini, ya paa linalovuja, hata ya upepo wa pwani, na jua likitoka linayaachia yakaenda zake. Chokaa nayo ina tabia hiyohiyo, ndiyo maana wazee waliwaozesha. Miaka yote hiyo ukuta ulilowa na ukakauka bila kumshitakia mtu. Ninyi mkauvika koti la mvua na kulifunga vifungo vyote. Maji hayakukoma kuingia, yamekosa pa kutokea tu, kwa hivyo yanapanda juu zaidi kutafuta upenyo huku yamebeba chumvi. Chumvi ikikauka nyuma ya rangi hugeuka fuwele, na fuwele husukuma. Saruji ni ngumu na jiwe la matumbawe ni laini, basi kinachovunjika mwishoni ni jiwe.

Tena hilo unaloliona ndilo jepesi. Vichwa vya boriti za dari yako vimelala ndani ya ukuta huohuo. Boriti ya mkoko ikikaa pakavu humzika aliyeipandisha na mjukuu wake. Ikilala kwenye unyevu inaoza kichwani, pale usipopaona, huku katikati ya chumba inaonekana nzima na imepakwa vanishi.

Fanya hivi, na usiruke hatua, maana watu hupenda kuanzia kwenye rangi. Kwanza tafuta maji yanatoka wapi. Panda juu ya paa, kagua mifereji, fuata mabomba, tazama ule mpira wa kiyoyozi unaodondokea ukutani mchana kutwa. Kisha bandua saruji kwa tindo na nyundo, taratibu. Ile mashine inayotikisa mtaa mzima irudishe ilikotoka. Pale saruji iliposhikana na jiwe hata ikitoka inalichukua, iache, utaishi na kovu hilo. Halafu uache ukuta uchi. Miezi. Najua Idi inakuja na wageni watauona, nao waulize, utawajibu. Chumvi ipanguse kwa brashi kavu, maana ukiiosha unairudisha ndani.

Hapo ndipo upige chokaa iliyozimwa ikakaa, si iliyotoka tanurini juzi. Tabaka jembamba juu ya tabaka jembamba, kila moja likingwe jua na linyunyiziwe maji, kwa sababu chokaa haikauki tu: inavuta hewa ukaa na polepole inarudi kuwa jiwe. Juu yake pakaa chokaa, yenye rangi ukitaka. Plastiki hapana, mafuta hapana.

Fundi mzuri utamtambua, anauliza habari za paa kabla ya kuuliza habari za fedha. Na asije mtu kusema Bi Chokaa ameiharamisha saruji. Kwenye nyumba za Michenzani, zilizojengwa kwa zege tangu siku ya kwanza, mtu akija na chokaa yangu nitamfukuza mwenyewe.

*Bi Chokaa, nimenunua nyumba Kiponda. Vyumba vyote vyembamba. Nataka kuvunja ukuta wa kati ili jiko na sebule viwe kitu kimoja, kama ninavyoona kwenye video. Fundi anasema ni kazi ya siku mbili. Tangi la lita 2,000 tumeshalipandisha juu ya dari. – Kijana wa Kisasa*

Shuka chini kwanza, mwanangu, ndipo tuzungumze. Lita 2,000 za maji ni tani mbili, na hapo sijapima tangi lenyewe. Liweke uani, chini, pampu ifanye kazi yake.

Sasa huo ukuta. Upana wa chumba chako haukuamuliwa na bahili, uliamuliwa na mkoko. Boriti za kazi hazivuki sana mita tatu, na juu yake pamelazwa mawe na zege la chokaa, mzigo si haba. Ndiyo sababu kuta zikakaribiana, kila moja imebeba sakafu. Majahazi yalipochukua boriti hizohizo mpaka Ghuba, vyumba vya huko navyo vikakatwa kwa kipimo cha mikoko ya kwetu. Ukuta unaouita wa kati ndio unaomzuia jirani wa juu asije kula chakula cha mchana nawe bila kualikwa.

Utaniambia mbona Beit al-Ajaib ina kumbi. Seyyid Barghash alipoijenga mwaka 1883 aliagiza nguzo za chuma kutoka ng'ambo akazisimamisha mbele ya kuta za matumbawe, na baadaye nyumba hiyo ikawa ya kwanza Zanzibar kuwaka taa za umeme. Kwa hiyo kuchanganya la kale na jipya hukuanza wewe, na aliyekutangulia alikuwa na hazina ya usultani mfukoni. Hata hivyo sehemu ya jumba hilohilo iliporomoka tarehe 25 Desemba 2020, ukarabati ukiendelea, na watu wawili wakapoteza maisha. Basi huyo fundi wa siku mbili mpe chai aende zake. Mwite mhandisi. Ramani ipeleke Mamlaka ya Mji Mkongwe, ambako ulipaswa kufika kabla ya kuniandikia mimi.

Na kuhusu jiko la wazi: hao wa kwenye video wanachemsha tambi. Wewe utachoma papa. Wazee walipolipeleka jiko uani au juu ya paa hawakuwa washamba.

*Bi Chokaa, naandika kutoka Muscat. Nyumba ya marehemu babu iko Mkunazini. Nataka mlango wake wa nakshi uletwe huku niuweke kwenye nyumba yangu mpya. Ndugu zangu wa Unguja wamenuna. – Mjukuu wa Haki*

Na mimi nimenuna. Mlango ule haukutundikwa kama picha. Fremu yake imejengewa ukutani, kizingiti kimebeba mawe, mfaa umesimama katikati ukiyapokea mabawa yote mawili. Ukiung'oa unaacha shimo, na ndugu zako wataliziba kwa bati. Mji Mkongwe umo kwenye orodha ya Urithi wa Dunia tangu mwaka 2000, na milango ndiyo kitu cha kwanza wageni wanachokipiga picha. Haung'olewi kwa kuwa mjukuu amehama.

Mafundi wa nakshi bado wako, Unguja na Lamu. Chukua vipimo vya uwazi wako wa Muscat, chagua mbao, agiza mlango mpya, na ukitaka nakshi za babu mlete fundi azinakili pale pale Mkunazini huku ndugu wakimpa kahawa. Utasikia wenye kudharau: ah, huu si wa kale. Mlango wa babu nao ulikuwa mpya siku moja, na naamini jirani walisema anajidai. Njumu za shaba weka ukipenda. Hadithi ya kwamba miiba ile ni ya kuzuia tembo ni ya Bara Hindi. Unguja tembo pekee tulilonalo hugemwa mnazini.

*Shikamoo Bi Chokaa. Tumehamia nyumba ya zamani Lamu. Chooni mna birika kubwa la maji, na chini yake wamejengea bakuli la kauri. Mume wangu ataka kulijaza zege tuweke bafu la mvua. Bakuli ni la kufanyia nini? – Bibi Harusi*

Marahaba, mwanangu. Ni la samaki. Wenyewe walifuga samaki wadogo birikani wale viluwiluwi vya mbu, na maji yakitolewa, samaki hubaki na maji yao ndani ya bakuli wasife. Mumeo anataka kuziba kwa zege dawa ya mbu ambayo haiishi, halafu jioni aende dukani kununua ya kuwasha.

Bafu la mvua mpe, ni haki yake. Lakini likae kando ya birika, na bomba lipite juu ya ukuta, lionekane, limeshikwa kwa vibanio, wala usikubali wachimbe mfereji kwenye lipu ya vidaka ili kulificha. Nyaya za umeme vivyo hivyo. Kitu kipya ninachokikubali kwenye nyumba za namna hiyo ni kile ambacho mwanao akikichukia anaweza kukitoa bila kumwita mwashi.

*Bi Chokaa, tuna fleti mpya Upanga, Dar es Salaam. Kila kitu cheupe, mimi ndiye niliyechagua. Sasa mama mkwe amekuja kuishi nasi, na kasha la njumu, kiti cha enzi na kitanda cha samadari. Lifti imevikataa. Mke wangu kanyamaza. – Mkwe Mnyenyekevu*

Mkeo kunyamaza ni jibu, ulishindwa siku ile lori lilipofika. Samadari ifunguliwe, ipande vipande vipande kwa ngazi, na wapagazi uwalipe wewe. Chumbani mwa mama itakaa vizuri, kwani chumba cheupe kisicho na kitu cheusi hata kimoja hufanana na zahanati. Kiti kikae panapopita upepo. Ole wako nisikie umekipaka rangi nyeupe kiende na makochi, nimeshaona watu wazima wakifanya hivyo. Kasha liweke sebuleni, lipe ukuta wake peke yake. Televisheni usiiweke juu yake: kasha hufunguliwa kwa juu, na mama mkwe hukumbuka anachokitaka humo mpira ukifika dakika ya themanini.